Boti Mbili na Moto wa Mama

Watu wa Nsemulwa, hapa Mpanda, wakisikia kwamba niliwahi kupika kwenye boti ya wapiga mbizi, wananicheka. Wewe binti wa Litapunga, wanasema, uliyekua ukichota maji kisimani, ulifuata nini ziwani? Nawajibu kwamba nilifuata mshahara, kama waume zao wanavyoufuata machimboni. Kisha naendelea kukata vitunguu.

Boti yenyewe, ambayo mpaka leo naiita boti nzuri, ilikodiwa wakati wa kiangazi na Wazungu waliokuja kutazama samaki. Si kuvua, kutazama tu. Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani natungiwa uongo. Mtu atoke kwao, apande ndege, amezeshwe vumbi la barabara ya Mpanda hadi Karema, avae mtungi wa hewa mgongoni, azame, amtazame samaki wa ukubwa wa kidole mwenye mistari ya njano, kisha apande juu na kumwacha hukohuko. Halafu jioni aje jikoni kwangu kuuliza kama kuna kuku. Nilikuwa nawakaangia migebuka, samaki wa ziwa hilohilo, kwa hasira kidogo, wakawala wote wakisifu.

Nahodha alikuwa mtu mzima wa Kigoma, mchache wa maneno. Kiongozi wa wapiga mbizi alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa kirefu na laini mpaka sisi wa bara tukisalimiana mbele yake tulionekana tunagombana. Hao wawili walikuwa na sheria ambazo hata mgeni mwenye pesa zake hakuzivunja. Kila aliyetoka majini ilibidi amshike nahodha mkono kabla hajavua mtungi, na injini haikuwashwa mpaka mkono wa mwisho ushikwe. Sheria nyingine ni kwamba cha chini kinabaki chini. Mgeni akipanda hata na ganda tupu la konokono, alirudishwa akaliache alikolitoa.

Mimi nami nilikuwa na kazi ambayo haikuwamo kwenye mapatano, nayo ni kuopoa ndala. Wageni walivua ndala zao ukingoni mwa boti, boti ikiyumba zikaanguka, zikaanza safari yao juu ya maji. Nahodha aliponiona nimeinamia sufuria alikuwa anasema, bila kucheka, "Mama jikoni, Wakongo wa ng'ambo wanapata viatu." Hapo nilishika mti mrefu wenye ndoano na kuzivuta moja moja. Niliopoa za kila rangi na kila ukubwa. Hata iliyokatika mkanda, hata iliyoliwa kisigino, sikuona hata moja iliyozama.

Siku moja wageni walipokuwa wamelala mchana, mtu wa Tanga alinivalisha miwani ya maji akanishika mkono, tukaingia kwenye maji ya kifuani karibu na mawe. Sijui kuogelea. Kwetu maji ni ya kunywa na kufulia. Niliinamisha uso nikaona samaki wale wale niliokuwa nawadharau, wanapishana kwenye mawe, bluu na njano, na jua limefika mpaka kwenye mchanga. Nilicheka nikameza maji. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na sisemi hivyo kumsimanga mtu. Kisha akanisogeza mbele kidogo, mahali mawe yanapokatika, na chini ya miguu yangu pakawa hakuna kitu tena ila weusi. Nikamng'ang'ania shingoni mpaka tukarudi ufukweni. Akanicheka, akasema huo ndio ukuta, na ukuta huo hakuna aliyeufikia mwisho wake kwa mtungi.

Mdogo wangu alikufa katika kiangazi hichohicho. Alikuwa mtoto wa kiume wa pekee kwa mama yetu. Alilima mahindi na tumbaku Litapunga, na msimu ulipomwangusha akaanza kununua dagaa vijiji vya ziwani na kuwauza soko la Mpanda. Siku hiyo alipakia magunia yake kwenye boti ya mizigo ya kwenda Ikola, boti ikajazwa kupita kiasi kama kawaida, upepo ukaja, ikapinduka nchi kavu inaonekana. Wenzake waliogelea au walishika madumu. Yeye, walisimulia, alikuwa amejifunga kamba ya gunia kiunoni ili mzigo wake usichanganywe na wa wengine. Walimpigia kelele afungue. Mkulima haachi gunia. Dagaa wakavu wakaelea kidogo, kisha gunia likanywa maji.

Habari ziliponifikia botini nililia jikoni mpaka wageni wakaacha kula. Sikuomba kitu, lakini mtu wa Tanga na nahodha walizungumza pembeni, kisha nahodha akawaambia wageni kwamba boti inabadili njia. Nitawaheshimu Wazungu wale maisha yangu yote, maana siku yao waliyoilipia ilitumika kumtafuta mtu wa dagaa. Tulifika mahali walionusurika walipotuonyesha. Mtu wa Tanga alizama na mwenzake, wakakaa, wakapanda, wakapumzika, wakazama tena upande mwingine. Kila walipotoka walimshika nahodha mkono na kutikisa kichwa. Mwisho nahodha alifunga chuma kizito kwenye kamba akaiteremsha. Kamba ilikwenda. Akaunganisha nyingine, nayo ikakwenda. Alipobaki ameshika ncha, chuma kilikuwa bado kinaning'inia.

Mtu wa Tanga alikuja kukaa karibu nami, bado amelowa.

"Dada yangu, sitakuficha," alisema. "Ukuta unaanzia hapa. Mimi siwezi kumfuata, na yeyote atakayekuambia anaweza, usimsadiki. Maji ya huko chini ni baridi, hayamrudishi mtu. Mwombeeni Mungu, mfunge msiba."

Nilimshukuru. Nilipanda gari la kwenda Mpanda na kutoka hapo hadi Litapunga, nikiwa nimebeba maneno yale.

Nyumbani moto ulikuwa unawaka uani. Kwetu mtu akifa, moto wa msiba unawashwa nje, wanaume wanaukalia, wanalala kando yake, na hauzimwi mpaka marehemu azikwe na jamaa waruhusiwe kurudi makwao. Hapo ndipo maji yanamwagwa, na mfiwa anaruhusiwa kula chakula cha kawaida na kushika jembe. Hakuna aliyewahi kukaa akafikiria itakuwaje kama wa kuzikwa hayupo. Moto uliwashwa kwa sababu mtu amekufa. Wa kuuzima hakuna, kwa sababu hakuna maiti.

Nilimweleza mama yote, ukuta na kamba na chuma. Alinisikiliza huku akisukuma kuni kwa mguu.

"Hakuna kitu kisicho na chini," alisema. "Hata kisima cha marehemu baba yenu tulichimba tukasema hakina chini, kikawa nayo. Hao watu wako wamechoka tu."

"Mama, hawajachoka. Haiwezekani."

"Basi moto uendelee."

Ukaendelea. Kwanza majirani walileta kuni kwa zamu na wanaume waliukalia vizuri. Kisha shamba likawaita, maana mvua za kwanza hazimngoji mfiwa, wakaanza kuja jioni tu, kisha Jumapili tu. Mama alibaki nao peke yake. Mvua iliponyesha aliuhamishia chini ya upenu na kuukinga kwa bati. Alikula uji peke yake. Shamba lake likaota nyasi, na kwetu mwanamke mwenye nyasi shambani hata mfiwa anasemwa. Katekista alikuja akamshauri kwa upole kwamba roho haihitaji moto. Mama akamkaribisha kiti na kumwomba asogeze kile kigogo motoni.

Nilimkasirikia mama yangu. Nasema kweli. Kila nilipokuja na kukuta macho yake mekundu kwa moshi, na mgongo wake umepinda, nilitaka kuchukua ndoo ya maji nimalize. Lakini nani amwage maji kwenye moto wa mtoto wa mwenzake?

Baba mdogo ndiye aliyeleta habari za boti ya pili. Ilikuwa inakodishwa pale Ikola, zamani ilibeba wapiga mbizi wageni, siku hizi inabeba yeyote. Wenyewe walimwambia wametoa watu wengi ziwani. Baba mdogo akauza ng'ombe. Nilimwambia maneno ya mtu wa Tanga, akanijibu kwamba mimi ni mpishi. Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye sauti ya redio, alipokuja kupatana alimuuliza swali moja tu: marehemu siku ile alivaa nini? Baba mdogo akaeleza vizuri kabisa, shati la kijani, suruali nyeusi, ndala za bluu alizonunua soko la Mpanda. Mtu wa Tanga hakuniuliza nguo. Aliniuliza boti ilipinduka wapi. Hilo nililiona palepale, nikalinyamazia kwa kuwa nilikuwa nimeshaitwa mpishi.

Mama alisema lazima aende mwenyewe. Hakuwahi kuliona ziwa. Alifunga sanda mpya, sabuni, na suruali nzuri ya mdogo wangu kwenye kitenge, akamwachia jirani moto, na njia nzima hakukiachia kitenge kile. Gari lilipokata kona ya mwisho na maji yakatokea, bluu, hayana ng'ambo, alishika mkono wangu.

"Hili lote?" aliuliza.

"Hili lote, mama."

Alinishika hivyo mpaka Ikola.

Boti ile mbaya niliijua kwa pua kabla sijaijua kwa macho. Mashine ya kujazia hewa kwenye mitungi ilikuwa imekaa ubavuni mwa bomba la moshi wa injini. Mtu wa Tanga aliwahi kunigombeza siku niliposogeza jiko la mkaa karibu na mashine ya namna ile. Alisema mtungi ukila moshi, mtu anakula moshi chini ya maji. Hapa hakuna aliyejali. Mitungi ilikuwa na kutu, mapezi ya miguuni yameshonwa kwa waya, na nahodha hakuwa hata na mkono wa kushikwa, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa kwenye usukani na wa kulia kwenye simu.

Tulipofika mahali pa ajali, kijana wa sauti ya redio na mwenzake walivaa mitungi, kila mmoja na mfuko wake kiunoni, wakaingia. Mama aliinamia maji. Alitazama muda mrefu. Sijui alitazamia kuona nini, pengine mchanga. Nilimshika kiuno asije akaanguka. Wenzetu hawakukaa hata muda wa kuchemsha chai, wakaibuka, mmoja anatapika kwa moshi aliokula, na yule mrefu amekumbatia kitu kifuani kwa mikono yote miwili.

Ilikuwa ndala ya bluu.

"Ilikuwa chini kabisa, kwenye mchanga," alisema. "Mwenyewe amefunikwa na mawe, mama. Hatoki. Lakini amekupa hii."

Mama alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia tena kwa mtu. Akaipokea, akaiweka shavuni, akaifunua sanda na kuifunga humo pamoja na ile sabuni. Baba mdogo alilia. Mimi nilitazama maji. Nilitaka kuinyang'anya na kuitupa ziwani, ielee mbele ya macho yao wote, niwaulize kitu hiki kilikaaje chini kwenye mchanga. Kisha nikauona uso wa mama. Ulikuwa umelegea. Tangu msiba uanze sikuwahi kuuona umelegea.

Ufukweni nilimvuta kijana yule pembeni, nyuma ya vichanja vya dagaa.

"Ndala haizami," nilimwambia.

Hakubisha. Naye alikuwa anakohoa moshi, midomo imepauka.

"Najua, dada."

"Umeitoa wapi?"

"Ufukweni. Ziwa linatupa nyingi, tunaweka kila rangi." Akafuta mdomo. "Ulitaka mama yako arudi na nini? Nyie mkija mnataka mtu. Mtu hatumpati. Hata siku moja hatujampata."

"Na ng'ombe wa baba mdogo?"

"Ng'ombe ameshaliwa na mafuta ya boti," alisema, akaniacha nimesimama na dagaa wa watu.

Tulizika Litapunga. Mama alikataa kaburi dogo. Likachimbwa la mtu mzima, kina kamili, na jeneza likatengenezwa la urefu wa mdogo wangu, na ndani yake sanda iliyofungwa, ndogo kama mkate. Katekista alikuwa mtu mwema. Alisali sala ya kumwombea marehemu na hakutaja mwili. Baba mdogo akatupa udongo, sote tukatupa. Kisha mama akachukua ndoo mwenyewe akaumwagia moto maji. Moshi ukapanda, wanawake wakapiga mayowe ya kilio, na jioni ile mama alikula ugali na mlenda akaomba nyongeza. Kesho yake alikwenda shambani.

Ndiyo maana nikiulizwa boti ipi ilikuwa nzuri na ipi mbaya, najibu haraka kisha nakosa usingizi. Ile nzuri ilituambia ukweli, na ukweli ule ulimweka mama kwenye moshi miezi. Ile mbaya ilimdanganya akalala. Sikuwasamehe, wala sitawasamehe. Lakini sikusema. Ningesema ili iweje? Ili moto uwashwe tena?

Mama alilipalilia kaburi lile kuliko bustani yake. Alipanda maua ya manjano kulizunguka. Siku ya Marehemu Wote alikuwa wa kwanza kuwasha mshumaa. Alizungumza nalo, alimweleza mdogo wangu bei ya tumbaku na nani kaoa. Nikija kutoka Mpanda alinipeleka kwanza pale, kabla hata sijatua mzigo, nami nilisimama mbele ya kiatu cha watu na kuinamisha kichwa.

Halafu ukaja mwaka wa mvua kubwa. Nilikuwa nyumbani siku ile. Maji yalipita uani kwa nguvu yakibeba takataka, na mbele yetu, tukiwa tumekaa upenuni tunachambua maharage, ikapita ndala ya mtoto wa jirani. Nyekundu. Ilizunguka mara moja kwenye kona ya jiko, ikazamishwa na wimbi, ikaibuka, ikaendelea na safari. Mama aliacha kuchambua. Aliifuata kwa macho mpaka ikapotea bondeni. Alikaa na maharage mkononi. Sikumtazama, na yeye hakunitazama. Kisha akaingia ndani akalala, na mchana ule wote hakutoka.

Tangu siku hiyo hakupalilia tena kaburi. Nyasi zikapanda, maua yakafa. Mshumaa wa Novemba niliuwasha mimi. Hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo liliniumiza kuliko kama angenipiga. Moto hakuuwasha tena. Nilihofia angeuwasha, na alipokaa bila kuuwasha nikahofia zaidi, kwa sababu aliyewasha moto alikuwa bado anangoja kitu. Huyu wa sasa hakungoja. Alilima kidogo, akala kidogo, akapungua. Nilimleta Mpanda hospitali, wakampa dawa za presha, akazimeza kwa utii na kuendelea kupungua.

Karibu na mwisho nilimuuliza anataka azikwe wapi. Nilidhani atasema kando ya baba.

"Kwenye lile kaburi la kiatu," alisema.

Nilimpandishia shuka mabegani.

"Nimelia pale miaka, mwanangu. Mahali pengine pa kulilia sina. Huko ziwani sijui hata pa kusimama."

Alipofariki niliwaonyesha vijana pa kuchimba, ubavuni kabisa mwa lile la zamani. Mchanga wa Litapunga ni mwepesi. Walipofika kina, ukuta wa upande ule ukamong'onyoka, ubao uliooza ukadondoka, na pamoja nao ndala. Sanda ilikuwa imekwisha, sabuni imekwisha. Ndala ilikuwa bluu vilevile, mpya, kama imetoka dukani. Kijana aliyekuwa shimoni aliiokota, akaikung'uta udongo, akaipima kwenye mguu wake kwa mzaha, kisha akaniona nilivyosimama.

"Dada, kuna takataka humu," alisema. "Niitupe?"

Nikamwambia airudishe ilipokuwa. Tukamzika mama.